Saa ya thamani, koki ya udhu na mkataba wa bima



Hapa kwetu Arusha saa nzuri mkononi mwa mtu si jambo la ajabu. Huu ni mji wa Tanzanite, mji wa watalii na mji wa mikutano. Kijana wa Elerai anayekwenda na kurudi Mirerani, Mwenyezi Mungu akimfungulia riziki yake, hununua kiwanja, hununua gari, kisha hununua saa. Wapo waliopewa saa na jamaa zao walioko Maskati na Dubai. Wapo waliorithi kwa wazee wao. Zamani saa ya heshima ilikuwa Seiko 5, na aliyekuwa nayo alikunja mkono wa shati hata kama kuna baridi ya Julai, ili mradi ionekane. Leo zipo saa mitaani humu ambazo bei yake inajenga chumba na sebule.

Katika miezi ya karibuni watu watatu wameniuliza swali moja kwa njia tatu. Wa kwanza aliuliza kama inawezekana kuikatia bima saa ya mkononi. Wa pili aliuliza kama inajuzu. Wa tatu alikuwa ameshakata bima, ameshalipa ada, saa imeshaibiwa na dai lake limeshakataliwa. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Kisa chake ni hiki. Alikata bima ya nyumba na vilivyomo, na kwenye orodha ya vitu akaandika na saa yake. Siku moja adhuhuri, msikitini, akaivua akaiweka juu ya ukuta mdogo wa koki za udhu. Akaosha uso, akaosha mikono, akapaka kichwa, akaosha miguu, akasikia iqama, akakimbilia safu. Aliporudi hakuikuta. Akaenda polisi, akachukua RB, akaipeleka kwenye kampuni yake. Wakamjibu kwa barua ya aya tatu kuwa hasara hiyo haimo katika mkataba. Alikuja kwangu akisema amedhulumiwa. Nikamwomba anipe mkataba niusome. Niliusoma mara mbili. Ndugu msomaji, hakudhulumiwa. Alinunua kitu asichokijua.

Tuliangalie jambo hili vizuri, maana wengi wetu tunadhani bima ya wizi maana yake ni kwamba kikiibiwa chochote, kwa njia yoyote, mahali popote, utalipwa. Sivyo. Mikataba mingi ya bima ya nyumba inalipa wizi pale tu mwizi anapoingia au kutoka kwa kuvunja, kwa nguvu, na alama za kuvunja zikaonekana: kufuli lililokatwa, nondo za dirisha zilizopindwa, mlango uliong'olewa. Mgeni aliyeingia kwa kukaribishwa akatoka na saa yako mfukoni hakuvunja kitu. Dada wa kazi mwenye ufunguo hakuvunja kitu. Na aliyepita pale kwenye koki za udhu hakuvunja kitu chochote isipokuwa amri ya Mola wake. Tena mkataba wa namna hiyo unahusu vitu vikiwa ndani ya nyumba iliyotajwa. Ukitoka nayo mkononi kutoka Elerai hadi Soko Kuu, umeitoa nje ya mkataba.

Sasa jiulize: saa za hapa mjini huwa zinapoteaje? Ni chache mno zinazoondoka kwa mlango kuvunjwa. Nyingi huondoka kwa kuvuliwa: kwenye udhu, kwenye kunawa kabla ya kula harusini, kwa fundi, kwa rafiki aliyeazima, juu ya meza ya kitanda. Yaani njia ambazo saa hupotea ni zile zile ambazo bima ya kawaida haizilipi.

Ipo bima ya aina nyingine, ambayo mawakala huiita ya hatari zote, ambayo kitu hutajwa peke yake kwa jina, aina na thamani, nacho hulindwa hata ukiwa nacho njiani. Hiyo ndiyo inayofaa saa. Ada yake ni kubwa zaidi, nayo pia ina masharti yake. Mara nyingi kitu kilichoachwa bila uangalizi mahali pa watu wengi kinatolewa. Kwa hiyo hata mwenye bima hiyo, akiiacha saa juu ya ukuta wa koki, anaweza kurudi na barua ya aya tatu.

Jambo lililonishangaza nilipokuwa nasoma mkataba ule ni kuona kuwa maswali wanayouliza watu wa bima, mafakihi wetu waliyauliza zamani sana. Katika fiqhi ya wizi kuna neno hirzi, yaani mahali ambapo kitu cha aina hiyo huhifadhiwa kwa kawaida. Mbuzi hirzi yake ni zizi. Dhahabu hirzi yake ni sanduku lililofungwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mali iliyochukuliwa nje ya hirzi yake, aliyeichukua ni mkosaji na ana dhambi, lakini hukumu yake si ile ya aliyevunja hirzi. Na kuna kisa mashuhuri cha Swahaba Safwan bin Umayya (r.a.), aliyelala msikitini akiwa ameweka shuka yake chini ya kichwa, mwizi akaja akaichomoa. Alipokamatwa na kufikishwa kwa Mtume (s.a.w.), wizi ule ulihesabiwa kuwa ni wizi kamili, na mafakihi wakachukua hapo kuwa nguo iliyo chini ya kichwa cha mwenyewe imo ndani ya hirzi hata kama mahali penyewe ni msikiti usio na mlango. Safwan akaona huruma akataka kumsamehe, akaambiwa kuwa msamaha ule angeutoa kabla ya kulifikisha shauri.

Angalia tofauti, ndugu yangu. Shuka ilikuwa msikitini, na saa ya jamaa yetu ilikuwa msikitini. Lakini shuka ilikuwa mwilini mwa mtu, saa ilikuwa ukutani. Mwili wako ni hirzi. Ukuta wa koki si hirzi ya mtu yeyote.

Safwan huyo huyo ana kisa kingine kinachotufaa. Kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, naye akiwa bado hajasilimu, Mtume (s.a.w.) aliazima deraya zake. Safwan akauliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Akajibiwa kuwa ni kuazima kwenye dhamana. Zilipopotea baadhi yake, aliahidiwa fidia, yeye akaisamehe kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeshageuka. Hapo ndipo madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, yalipopata kusema kuwa mwazimaji ana dhamana: kitu kikipotea mikononi mwake nje ya matumizi waliyokubaliana, atalipa, hata kama hakuzembea.

Tofautisha hilo na amana. Ukimpa jirani saa akutunzie wakati umesafiri, yeye ni mwenye amana, na ikiibiwa bila uzembe wake hana la kulipa. Sasa zitazame harusi zetu. Bwana harusi anaazimwa saa ya mjomba ili picha zitoke vizuri. Hakuna anayesema kama ni amana au ni kuazima, hakuna anayesema thamani yake ni kiasi gani, na ikipotea mwanzo wa ndoa unakuwa mwanzo wa ugomvi wa ukoo. Kuwaambia watu bei ya saa kabla ya kuwapa si kujisifu. Ni kumjulisha mtu dhamana anayoibeba. Na mikataba mingi ya bima nayo haimlindi mtu uliyemwazima.

Kwa fundi saa ni hivyo hivyo. Fundi mzuri atakupa kijikaratasi chenye jina la saa, namba yake na kilichoharibika. Asiyekupa, andika wewe na mtie sahihi nyote wawili. Kuna saa zinazoingia kwa fundi zikiwa na mashine yake ya asili na kutoka na nyingine, na mwenyewe hajui kwa sababu kwa nje ni ile ile.

Nirudi kwenye udhu, maana tunachukua udhu mara tano kwa siku, na hakuna bima duniani inayoweza kumsaidia mtu anayevua saa ya mamilioni mara tano kwa siku mbele ya watu. Kinachotakiwa ni maji yafike kwenye ngozi yote ya mkono. Ikiwa saa yako ni ya cheni na imelegea, isogeze juu na chini mpaka maji yafike chini yake, kisha maliza. Ikiwa ni ya mkanda wa ngozi, au imekubana, ivue na uitie kwenye mfuko wenye zipu au kifungo kabla hujaifikia koki, si ukiwa umeshaifungulia maji. Mfuko wa kanzu ulio wazi haufai, maana ukiinama kuosha miguu saa inatoka. Na yale maandishi ya mita 30 nyuma ya saa yasikudanganye ukadhani unaweza kuzama nayo mita 30. Maana yake ni kwamba matone na kunawa itavumilia, tena kama mpira wa ndani haujakauka kwa uzee.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia hata pale ambapo mkataba unalipa. Bima ya vitu vya nyumbani huwa na kikomo kwa kitu kimoja. Tuchukue mfano: umekatia vitu vyote bima ya shilingi milioni 20, na mkataba unasema kitu kimoja kisichotajwa peke yake hakitalipwa zaidi ya asilimia 5. Saa yako ni ya milioni 6. Nyumba ikavunjwa kweli, kufuli limekatwa, kila kitu kiko sawa. Utalipwa milioni 1. Halafu kuna kiasi cha awali ambacho hukatwa, unachokibeba mwenyewe katika kila dai.

Na kuna jambo la pili, gumu zaidi. Ukikatia bima kwa nusu ya thamani, utalipwa nusu ya hasara. Mtu anataja thamani ndogo ili ada iwe ndogo, anajiona mjanja. Vitu vya milioni 40 akaviandika milioni 20. Akiibiwa vya milioni 6, anahesabiwa kuwa nusu nyingine alijikatia mwenyewe, na analipwa milioni 3.

Wapo wanaoingia katika shimo hilo bila ujanja wowote, kwa sababu ya shilingi yetu. Saa hizi bei yake iko kwa dola, au kwa dirhamu ya Dubai ambayo imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997. Mwaka 2010 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,400 na ushei. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Saa ya dola 3,000 iliyoandikwa kwenye mkataba wa mwaka 2010 kuwa ni ya milioni 4 na kitu, hadi mwaka 2024 ilikuwa saa ya karibu milioni 8, na mwenyewe kila mwaka analipia karatasi ile ile. Saa haikubadilika. Kilichobadilika ni pesa.

Thamani yenyewe nayo lazima aiseme mtu anayejua. Mzee mmoja wa Sakina alipewa saa na nduguye aliyefanya kazi Oman. Ndani ya uso wake kuna alama ndogo ya jambia, nembo ya Oman. Fundi akamwambia uso umechakaa, ambadilishie mpya kwa bei nafuu, na aing'arishe mpaka iwe kama ya juzi. Nilimwomba asubiri. Sultan Qaboos, aliyetawala kuanzia mwaka 1970 hadi alipofariki Januari 2020, alikuwa akitoa zawadi za saa, zikiwemo za Rolex, zenye nembo hiyo, na leo wakusanyaji wa saa wanazishindania kwenye minada ya Ulaya kwa bei kubwa mno kuliko saa ile ile isiyo na nembo. Mimi sijui kama ya mzee ni ya kweli, na kughushi nembo ni rahisi. Lakini kama ni ya kweli, thamani yake yote imo katika uso ule uliochakaa. Angeutupa, kisha angekatia bima kitu ambacho hakipo tena.

Sasa swali la wa pili: inajuzu? Mimi si mufti. Nitasema yanayojulikana. Bima si jambo jipya kwa wanavyuoni. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliandika juu ya bima ya mizigo ya meli na hakuiruhusu. Katika karne iliyofuata Sheikh Mustafa Zarqa aliitetea, akaona ni mkataba mpya wenye manufaa. Mwaka 1985 Jopo la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, liliamua kuwa bima ya kibiashara ya ada maalumu ina gharari kubwa na haifai, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano, ambayo tumezoea kuiita takaful.

Tofauti yake si jina. Katika bima ya kibiashara unanunua ahadi kwa kampuni, na usipopata hasara ada yako ni faida yao. Katika takaful unachangia mfuko kwa nia ya tabarrui, yaani kutoa kwa hiari ili kusaidiana. Mwendeshaji anachukua ujira wake unaojulikana, fedha zinawekezwa pasipo na riba, na kinachobaki baada ya kulipa madai ni cha wachangiaji. Sudan walikuwa na kampuni ya namna hiyo tangu mwaka 1979. Jirani zetu Kenya waliipa leseni Takaful Insurance of Africa mwaka 2011. Kwetu Tanzania mamlaka ya bima, TIRA, ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na Shirika la Bima la Zanzibar limeingia katika huduma hiyo. Kwa hiyo yule anayesema hakuna njia nyingine, leo anahitaji kuuliza kwanza. Lakini nisiwadanganye: mkataba wa takaful nao una vikomo, una masharti ya kuvunja mlango, una kiasi cha awali. Uhalali wa mfuko hauirudishi saa iliyoachwa ukutani.

Rai yangu ni kwamba saa ambayo ukiipoteza utahuzunika wiki moja kisha maisha yaendelee, usihangaike kuikatia bima. Ile ada iweke pembeni. Lakini mfanyabiashara mwenye saa kumi dukani, au mtu ambaye saa ndiyo akiba yake, huyo atafute takaful ya kitu kilichotajwa peke yake, na asikubali maneno ya wakala bila kuyaona kwenye karatasi. Na mwanamume mwenye saa ya dhahabu, kabla ya kuuliza bima, hukumu ya kuivaa inajulikana.

Kuhusu kuihifadhi nyumbani, sefu ndogo isiyofungwa kwa boliti kwenye sakafu au ukutani ni zawadi kwa mwizi: anaibeba yote akaifungue kwake kwa nafasi. Usiiweke chumba cha kulala ndani ya kabati, ambako kila mwizi huanzia. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu wa hapa chini ya Meru unaotesha ukungu kwenye mkanda wa ngozi ndani ya wiki chache, basi tia humo vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe. Usiilaze juu ya spika ya redio, maana sumaku yake huifanya saa ya ufunguo ikimbie. Saa ya betri inayokaa muda mrefu bila kuvaliwa itolewe betri, isije ikavujia ndani.

Boksi na karatasi zake zikae mbali na saa yenyewe, ikiwezekana nyumba nyingine. Mwizi anayepata saa pamoja na karatasi zake huiuza kama mali yake halali. Wewe uliyebaki na karatasi ndiye mwenye ushahidi. Piga picha za mbele, nyuma na ile namba yake maalumu. Katika Rolex za zamani namba iko kati ya miguu inayoshika mkanda, za miaka ya karibuni iko ndani, ukingoni mwa uso upande wa saa sita ya maandishi. Tuma picha hizo kwa mtu unayemwamini, kwa sababu simu yako huenda ikaibiwa siku hiyo hiyo. Iko ofisi London iitwayo The Watch Register inayoweka kumbukumbu za saa zilizoibiwa, na wanunuzi wakubwa huulizia huko kabla ya kulipa. Bila namba huna cha kuwaambia.

Ikiibiwa, nenda polisi siku hiyo hiyo, namba ya saa iandikwe ndani ya maelezo yako, kisha ijulishe kampuni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Usiongeze kisa. Ukisema mlango ulivunjwa na haukuvunjwa, umesema uongo na umeua dai lako lote. Ukiona umekataliwa bila haki, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na huhitaji wakili kuifikia.

Na mkeo, au mtoto mmoja mkubwa, ajue sefu iko wapi, inafunguliwaje, saa ni ya nani na kama imeazimwa kwa mtu. Siku ukiondoka, saa ile ni tarika, itagawanywa kwa warithi pamoja na kiwanja na gari. Nimeshuhudia mirathi hapa mjini ambayo kila kitu kiligawanywa isipokuwa saa ya marehemu, kwa sababu fundi aliyekuwa nayo hakujulikana, naye hakujitokeza.

Wabillahi tawfiiq.